Ombi la Kukubaliwa kwa Flashi ya Hemedi

Kasongo, Jumatano

Kwenu Wakubwa mnaotengeneza mfumo unaoendesha kompyuta yangu,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni Kamaldine, mwenye chumba cha kuchapa na kufotokopi karibu na soko. Binti yangu Subira anaolewa na Bakari wa Kabambare, na Ijumaa baada ya swala pikipiki inaondoka na kadi za mwaliko. Kwetu, mkwe asiyepewa kadi mkononi hajaalikwa. Anabaki kwake akinuna mpaka wajukuu wazaliwe. Kwa hiyo nina malalamiko.

1. Niliomba programu moja tu ya kutengeneza kadi. Mfumo wenu ukajibu kwamba haiji bila nyingine, na hizo nyingine nazo zina wenzao. Mke wangu Asma alichungulia akasema, "Hii mashini iko na ndugu mingi kupita sisi."

2. Zote zinafuatwa Ulaya, kwa mega za intaneti za simu yangu, wakati programu ileile imo katika kompyuta ya jirani yangu Hemedi, nyuma ya ukuta. Moto ukizimika jikoni, Asma huomba kaa kwa jirani. Haandiki Ulaya.

3. Mtandao ulipokatika, niliamuru zilizofika ziondoke. Ziliondoka na programu yangu ya zamani ya kuandikia barua. Ndiyo maana mnasoma mwandiko wangu wa kalamu, mnisamehe.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Nilichomeka flashi ya Hemedi yenye programu hiyo, mfumo ukaikataa, ati haina sahihi ya mtu unayemjua. Wakubwa, ninyi mnamjua nani Kasongo? Hemedi namjua tangu anatambaa. Anaingia kwangu bila hodi, na siku hizi anakuja hata nisipokuwepo. Leo yeye ndiye wa kushukiwa, na watu nisiowajua hata kwa sura ndio waaminifu.

Naomba basi mfumo uulize kwa jirani kwanza, na neno la jirani litoshe badala ya sahihi. Mkishindwa, mtume fundi wenu. Tutamtembeza nyumba kwa nyumba mpaka kule Wamaza, ajue nani wa kuaminiwa.

Asma anawasalimu, na Subira pia, ingawa siku hizi hasemi sana. Nisalimieni wake zenu na wote mnaoketi nao kazini.

Wenu mwenye heshima na haraka,
Kamaldine

N.B. Jumamosi. Barua haijapata wa kuipeleka, kwa hiyo naongeza. Flashi niliilazimisha: nilibonyeza "ndiyo" mpaka mashine ikachoka kuuliza. Kadi zilitoka na maua mazuri, nami kwa haraka nilitazama maua tu. Pikipiki imeshafika Kabambare. Baba yake Bakari amepiga simu kuuliza kwa nini anaalikwa kwenye ndoa ya Subira na Hemedi. Hemedi anasema programu ilijaza jina lake yenyewe. Subira anacheka tangu asubuhi. Mimi naona aibu kutoka nje. Tafadhali futeni namba nne, tena futeni zote. Nitumieni ile programu ya kwenu na ndugu zake wote, na kama ina wakwe, nao waje.