Shayiri Niliyoikausha Kwenye Karai

Nimeaibika leo. Ghala zima la wanunuzi wa shayiri pale Kashaulili limenicheka, na nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Naandika mwenyewe kabla shemeji yangu Masanja hajawafikia, maana yeye ataongeza chumvi.

Nyie mnajua msimu huu nimelima shayiri ya bia huku Litapunga. Baba Kulwa, mume wangu, alinipa kile kipande cha mahindi kwa shingo upande. Masanja, mdogo wake, ambaye kwake bila ng'ombe hakuna maisha, akasema nimelima majani. Nilipanda kwa mistari, nikapalilia mapema. Mbolea ya kukuzia niliweka kidogo, kama bwana shamba alivyosema: ukizidisha, shayiri inarefuka, inalala, na punje zake hazifai kwa bia. Nikavuna punje nono, zimelingana kama zimechaguliwa kwa mkono. (Hapo ndipo nilipoanza kuringa.)

Wanunuzi wakataka kila mkulima alete sampuli iliyokauka. Wiki hiyo mvua ya mwisho ikagoma kuondoka. Natandaza turubai, mawingu hayo. Naanua, jua hilo. Nikachoka. Nikachukua sampuli peke yake, nikawasha moto, nikaimwaga kwenye karai langu la kukaangia karanga. Nikageuza kwa mwiko, polepole. Ikakauka, ukiing'ata inalia ka! Nikapeleka. (Nilijiona mtaalamu.)

Leo ikawa siku ya majibu. Masanja naye akaja, eti kunisindikiza. Dada mkaguzi wa wanunuzi, binti mpole mwenye miwani, alikuwa na vitambaa vibichi, kila kimoja na jina la mkulima. Ndani alilowesha punje zetu aone kama zitaota. Akafungua cha Mzee Kisinza: punje zimetoa vimizizi vyeupe. Makofi. Akafungua cha Mama Neema: vimizizi. Makofi. Mimi nikaweka kitenge sawa, nikasogea mbele nionekane.

Akafungua changu. Punje zimekaa kama changarawe. Akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Mama Kulwa, hii uliikaushia wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani sehemu gani?"

"Jikoni."

"Ndiyo maana inanukia karanga."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Masanja alishikilia magunia asianguke. "Shemeji, umeleta bisi," akasema, machozi yanamtoka.

Dada akaeleza bila kucheka (Mungu ambariki). Shayiri ya bia lazima iote kwanza ndipo upate kimea. Punje ikiungua inakufa, na iliyokufa haioti. Na mimi, jamani, nimelelewa na bibi anayepika pombe ya mtama. Kimea nimeanika tangu mtoto. Sijui siku ile akili ilikwenda kutembea wapi.

Nikaelekea mlangoni nikajifiche. Nikamsikia Masanja akimwambia jirani yake, "Mwakani kile kipande kinarudi kwa mahindi."

Nikageuka.

"Dada," nikasema, kila mtu asikie, "nilichokaanga ni sampuli tu. Shayiri yenyewe iko nyumbani, naianika juani tangu mvua iishe. Twende ukachote kwa mkono wako."

"Nikikuta nayo imeguswa na moto, sinunui."

"Twende."

Tukapanda bodaboda hadi Litapunga. Alichota juu, katikati na chini kabisa ya lundo. Akanusa, akaweka kipimo cha unyevu, akazitazama punje kiganjani muda mrefu. Baba Kulwa kasimama mlangoni, anachungulia.

"Imekauka vizuri, na punje ni nono," akasema. "Ila sitoi neno mpaka niione imeota." Akafunga mfuko wa sampuli, akaandika jina langu juu yake, akaondoka nao.

Baba Kulwa akaniuliza, taratibu, "Na isipoota?"

"Nitalima tena. Na mwakani unipe na kile cha pembeni."

Akacheka, akaenda kufunga mbuzi. Hakukataa, na mimi nimechukulia amekubali.

Ile ya karai nimeshaisaga, tunakunywa uji. Mtamu kweli. Chekeni mnavyotaka, ila atakayecheka asije mwakani kuniomba mbegu.