Nilivyomuua Baba Masika Akiwa Mlangoni

Mnivumilie nikikosea herufi. Shule niliiachia darasa la sita, na kioo cha simu hii kimepasuka. Naandika polepole, lakini nisipoandika nitalia.

Leo nimeumbuka!

Mimi ni mtu wa aibu. Mbele ya watu sauti inakauka. Ila hapa nyumbani Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, nikiwa na bibi tu, namtafsiria filamu kama wale wa vibanda vya video. (Kiingereza changu ni kidogo. Kikiisha, natunga.) Tunaanza na katuni za zamani, paka anapondwa na gogo, anainuka. Halafu zile filamu zisizo na rangi, za mvua, kofia na bastola. Humo mtu akianguka haamki. Bibi anazipenda hizo zaidi.

Majina ya wazungu yanamshinda, kwa hiyo nawapa majina ya watu wa hapa.

Leo saa kumi Baba Masika, muuza mawese kutoka Butembo, ng'ambo ya Kongo, alikuwa aje kunisikia nikiomba kumuoa binti yake. (Jina nimebadilisha. Nimejifunza.) Masika ameshakubali. Alibaki baba. Bibi akaona nafagia uwanja mara ya tatu.

"Weka filamu, mjukuu wangu. Moyo utulie."

Nikaweka. Ilikuwa saa tisa tu. Muuaji wa leo alivaa kofia kama ya Baba Masika. Jina nililompa mnalijua.

Nikanogewa! Nikasimama, mikono juu. "Baba Masika anakimbia! Dhambi zinamfuata! Risasi ya tumbo! Anaanguka matopeni kama gunia la muhogo. Kwisha! Hata mke halii!"

Bibi hakucheka. Alikuwa anatazama mlango.

Baba Masika alisimama pale, kofia mkononi. Amekonda. Suruali kaifunga kwa kamba.

"Mutoto," akasema, "nani alikuambia?"

"Aliniambia nini, Baba?"

"Hii tumbo. Niko natoka hospitali, Kasese. Daktari alisema hii habari iko ya mimi na yeye tu."

(Niliisubiri ardhi ipasuke. Ilikataa.)

Badala ya kueleza, nikaonyesha televisheni kwa kidole. Pale mtu alikuwa anafunikwa shuka. Haikusaidia.

"Muzee, ni mchezo tu," bibi akasema. "Keti unywe chai."

Akaketi. Akaitazama filamu mpaka mwisho, chai ikapoa. Kisha akanigeukia.

"Walisema hauna sauti. Kumbe iko. Basi sema: nikikufa vile, Masika anabaki na nani?"

Jamani! Hilo ndilo swali nililolisubiri mwaka mzima. Jibu ni maneno mawili.

Nikasema, "Na mama yake."

Bibi akajifunika uso kwa kitenge. Mzee akavaa kofia yake taratibu.

"Nitarudi kesho," akasema. "Kama niko."

Tafadhali niandikieni kabla hajafika, mniambie nyinyi mliwezaje kusema "Na mimi." Na Masika akiyasoma haya, asicheke. Anayekufa ni baba yake, na anayetaka kumuoa yeye ni mimi huyu.