Karibuni, Piteni Dirishani

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa kituo ametangaza: chumba chenye feni kitakwenda kwa darasa la jioni litakaloonyesha maendeleo mbele ya mgeni siku ya Ijumaa. Tunaowania ni sisi wa Kifaransa na wale wa Kijerumani. Mwalimu wao, ninayemwita Sarufi, huwanakilisha wanafunzi vitenzi hadi vidole vikafa ganzi. Wangu husinzia. Leo mmoja wao, ninayemwita Kinyozi kwa kazi yake, amekoroma kabisa.

Nimepata wazo. Michezo! Watoto hujifunza lugha kwa kucheza, na wanafunzi wangu hawajui zaidi ya watoto.

Baada ya kipindi mwanafunzi wangu mmoja, Bibi Arusi, akanibana koridoni. Wakwe zake watarajiwa wanakuja Jumamosi kumwona kwa mara ya kwanza, na wanaongea Kifaransa tu. Anataka awakaribishe ndani na kuwaketisha kwa lugha yao, asionekane mshamba. Nikamwambia aniachie mimi. Mke wangu aliposikia akauliza Kifaransa hicho nitakitoa wapi. Nilisoma miaka miwili. Ni zamani, lakini nilisoma.

Jumanne, 4 Machi
Bingo. Kila mtu na kadi yake ya maneno. Nikitaja neno, analifunika kwa kifuniko cha soda. Furaha tele. Kinyozi ameshinda karibu kila mara. Nikamuuliza la chaise maana yake nini. Hajui, ila iko kona ya kushoto ya kadi, chini ya la table. Mwishoni nikagundua nusu ya darasa wameandika madaftarini kwamba "bingo" ni Kifaransa cha "nimemaliza". Nimeacha hivyo. Sikutaka kuwaharibia raha.

Sarufi alikuja kulalamikia kelele. Wivu huo.

Jumatano, 5 Machi
Mchezo wa leo ni kiboko. Nimeandika vikaratasi nikavibandika: la porte mlangoni, la fenêtre dirishani, la table kwenye meza, la chaise kwenye kiti. Nataja neno, wanakimbilia kitu na kukigusa. Bibi Arusi amewashinda wote, viatu mkononi. Hata mimi nimeanza kuyakumbuka maneno vizuri. Vikaratasi nimeviacha palepale, kesho tuendelee.

Feni naisikia tayari.

Alhamisi, 6 Machi
Sielewi. Nimesema la porte, darasa zima likakimbilia dirishani. Nikacheka peke yangu. Kwenda kutazama, dirishani pameandikwa la porte. Mwandiko ni wangu. Mlangoni la fenêtre. Kiti kimekuwa la table, meza imekuwa la chaise.

Jasho likanitoka. Jana nilibandika vipi? Au jana ndipo nilipokosea, na leo ndiyo sahihi? Nikalirudia neno porte kimoyomoyo hadi likawa halina maana yoyote. Wanafunzi wamenikodolea macho. Nikasema vizuri sana, tuendelee. Tukaendelea kipindi kizima. Wameiva.

Nyumbani mke wangu akasema nifungue kamusi. Nikamwambia kamusi ni ya wanaoanza. Baadaye nikaitafuta kimyakimya. Ndiyo inayoshikilia mguu wa kitanda, na mke wangu alikuwa ameshalala juu yake.

Namshuku Sarufi.

Ijumaa, 7 Machi
Mgeni ni mama mmoja aliyeishi ughaibuni. Kifaransa kinamtoka kama maji. Akawaomba wafunge la porte. Darasa langu likainuka kwa pamoja na kufunga madirisha yote. Joto likatuvaa. Akamwomba Kinyozi amsogezee la chaise aketi. Kinyozi akaburuta meza hadi miguuni pake, akasema "Bingo!" Mgeni akaitazama meza. Mkuu akanitazama mimi.

Feni imekwenda kwa Sarufi.

Nikamvaa koridoni, nikamwambia najua alichofanya na vikaratasi vyangu. Mfagiaji, aliyekuwa akipita na ndoo, akasema ni yeye. Jumatano jioni alipiga deki na kufuta vumbi, akavibandua visilowe, kisha akavirudisha palipopendeza. Sarufi alikuwa na la kusema, tena jingi.

Bibi Arusi hakuja leo, anaandaa nyumba. Nimempigia simu. Haipatikani.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefika kwao nikihema. Nimechelewa. Wakwe walikuwa wamesimama mbele ya nyumba, naye ameshawapokea, amependeza, akiwaomba kwa Kifaransa kilichonyooka wapitie dirishani na waketi juu ya meza.

Mchumba wake akainamisha kichwa. Baba mkwe, mzee mwenye adabu zake, akavua kofia, akaliendea dirisha na kuinua mguu.

Mama mkwe akamdaka koti. Akacheka hadi akaegemea ukuta. Mchumba akamnong'oneza Bibi Arusi alichokisema. Yeye hakucheka. Akageuka, akaniona getini.

"Mwalimu, umejua tangu lini?"

Nikasema jana.

"Na juzi, ulipotuona tunakimbilia dirishani?"

Nikasema juzi sikuwa na uhakika.

"Basi si ungesema huna uhakika."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikatamani kulipita dirisha lile mimi mwenyewe, nitokee upande wa pili. Mama mkwe akamshika mkono, akaingia naye ndani kwa mlango, akaanza kumzungusha sebuleni, akigusa kitu kimoja kimoja na kukitaja. Mchumba akaniambia kwamba mama yake alikuwa na hofu ya kuletewa mkaza mwana anayejua kila kitu. Sasa atamfundisha mwenyewe. Nikasema kama anahitaji msaidizi, nipo. Akafunga geti taratibu.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari mchana kutwa. Mchezo hauna kosa. Walichojifunza walikishika barabara, hakuna aliyesahau hata neno. Kosa ni gundi. Ile yangu inabanduka ovyo, mtu yeyote mwenye ndoo anaitoa.

Nimenunua ya mafundi viatu, ile inayoshika papo hapo. Nimeijaribu hapa nyumbani, kila kitu kimepata jina lake la Kifaransa. Sasa nikitazama vizuri, nadhani jiko nimeliandika kitanda. Au ni kabati. Nimejaribu kukwangua kwa kisu, halitoki.

Gundi safi sana hii. Kesho naanza darasani.