Maua Kwenye Gambuti

Jumatatu, 24 Novemba
Wazo! Jumamosi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, Mukamana, mkuu wa mtaa wetu hapa Masaka, atatangaza baraza la nyumba linalopendeza kuliko yote. Siku hiyohiyo mama mkwe anakuja kutoka Nyagatare. Wini mke wangu ananong'ona kwamba safari hii anatuletea habari ya ng'ombe wetu wa ndoa, yule wa kupewa na ukweni, aliyecheleweshwa kwa sababu eti mimi si mtu makini. Atanikuta mshindi!
Jirani Habiyaremye amenunua vyungu vya dukani. Hana ubunifu. Mimi napanda maua kwenye vitu vya nyumbani. Nimeanza na birika na gambuti zangu.

Jumatano, 26 Novemba
Ua la kwenye birika limekufa. Limezama! Wini ameuliza kama sikujua kwamba chungu hutobolewa chini. Nilijua. Nilikuwa nafanya majaribio. Ameuliza pia chai itachemshiwa wapi. Maswali madogomadogo hayo.
Nimeazima drili kwa Habiyaremye. Nimemwambia natengeneza kitanda. Kanipa, kacheka. Mjinga, anamwazima adui silaha!

Ijumaa, 28 Novemba
Nimetoboa kila kitu. Ndoo, sufuria, hata chujio. Lakini katikati ya baraza palikosa kitu cha heshima. Nikakiona juu ya kabati: chombo cha mti, kirefu, cheusi kwa moshi, na mfuniko wa kusuka. Wini hakitumii, anakipangusa vumbi tu. Nimekulia Mwanza mjini, mambo ya ng'ombe siyajui, ila kitu kizuri nakitambua. Tundu limetoka safi! Nimepanda mrehani. Mfuniko nimeufanya kisahani.

Jumamosi, 29 Novemba
Umuganda nimekwenda na kandambili, maana gambuti zina maua. Mtaro wote ulikuwa tope. Habiyaremye alivaa gambuti mpya. Sawa tu.
Halafu Mukamana akaja na watu, akatangaza. Mimi! Makofi! Habiyaremye akauliza kama hiki ndicho kitanda.
Papo hapo mama mkwe akashuka kwenye pikipiki na galoni la maziwa. Akaomba icyansi, chombo cha maziwa alichompa Wini siku ya harusi, tunywe kwanza ndipo aseme jambo lake. Wini akaingia ndani, akatoka mikono mitupu. Wote wakageukia mrehani.
Mama mkwe akasema, taratibu kabisa, kwamba anayetia udongo mahali pa maziwa hapewi ng'ombe. Maziwa akampelekea Habiyaremye. Wini hanisemeshi. Imeniuma, jamani.

Jumapili, 30 Novemba
Wamekwenda kanisani, mama na binti. Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: mrehani ni mdogo mno kwa chombo kile.
Sasa mama mkwe atulizwe kwa zawadi ya mikono yangu mwenyewe. Kitandani ameacha agaseke, kile kikapu chake cheupe cha mfuniko wenye ncha, alichoachiwa na marehemu mama yake. Haendi safari bila hicho. Mshubiri utakaa humo vizuri ajabu. Atalia kwa furaha!
Drili bado ninayo.