Ardhi Imekosea, Ramani Iko Sawa

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Meneja wa idara ya maji amekuja mezani kwangu, ameitazama ramani yangu kwenye kompyuta, akabaki anatabasamu peke yake. Akasema hajawahi kuona mabomba ya mji huu yamepangika hivi. Vali za kufungia maji mia mbili na kumi na nne, kila moja nukta ya buluu, kila baada ya mita hamsini, zote upande wa kushoto wa barabara. Zimenyooka kama meno ya kitana.

Hakuniuliza nilizipataje. Nami si mtu wa kumkatiza mkubwa akiwa anasifu. Ukweli ubaki kati yangu na daftari hili: niliziweka mwezi uliopita nikiwa kitini. Nilitakiwa niende mitaani na kifaa cha GPS, nisimame juu ya kila vali, nibonyeze kitufe kirekodi mahali ilipo. Kulikuwa na jua kali.

Meneja akaongeza kwamba nafasi ya Mkuu wa Kitengo cha Ramani iko wazi, na wanaofikiriwa ni wawili: mimi na Bi Nondo. Bi Nondo! Msimamizi wa mafundi wa dharura, anayezunguka na kipande cha nondo akigonga lami na kutega sikio. Hana hata barua pepe.

Nimempigia mama mkwe nikamwambia nimeshapata ukuu. Ni suala la siku chache tu, kwa nini nimcheleweshee furaha? Alipiga vigelegele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio.

Jumanne, 4 Machi

Mafundi wamepewa vishikwambi vyenye ramani yangu. Saa tatu asubuhi simu ya kwanza. Bomba linavuja, wanatafuta vali ya kufunga, na kishikwambi kinawaambia iko ndani ya duka la kinyozi, chini ya kiti. Kitini kuna mteja aliyenyolewa upande mmoja.

Nikawaagiza wamwinue mteja. Wakamwinua. Wakang'oa vigae vitatu. Mchanga mtupu. Bi Nondo akavuka barabara, akagonga mara mbili, akaipata vali chini ya rundo la matofali.

Alinipigia, bila hasira hata chembe, akasema mteja anauliza kama na yeye yumo kwenye ramani. Nyuma yake nikawasikia mafundi wakiangua kicheko. Mwanamke huyu ananichimba!

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Ijumaa wajumbe wa Bodi wanakuja kuona mfumo ukifanya kazi. Mafundi watafunga maji ya mtaa mmoja kwa kufuata ramani pekee, na Bi Nondo ataacha nondo yake ofisini. Wakifaulu, nafasi ni yangu. Wakishindwa, ni yake. Mtaa uliochaguliwa ni wa mama mkwe. Yeye ameshawaalika majirani na kukodi viti.

Nimeogopa kweli. Mke wangu ameniuliza kwa nini nisiende kesho nikazirekodi vali za mtaa mmoja, kwani zitazidi sita? Hajui mambo ya ofisi. Kurekebisha ramani ni kukiri.

Halafu nikiwa bafuni wazo likaja, nikatoka na povu kichwani. Ramani imeshasifiwa na meneja, kwa hiyo haiwezi kuwa na kosa. Kilichokosea ni ardhi. Ardhi ndiyo irekebishwe!

Alhamisi, 6 Machi

Nimechukua mifuniko sita ya chuma ya kufunikia vali kutoka stoo. Kwenye fomu nikaandika: marekebisho. Si uongo. Nikapata mkokoteni, mfuko wa saruji na kizibao cha kung'aa. Ukivaa kizibao cha kung'aa unaweza kubomoa hata benki, watu watakupisha na kukupa pole kwa kazi.

Nikafuata nukta zangu moja baada ya nyingine. Chimba kidogo, weka mfuniko, zungushia saruji. Mgongo umekatika! Wa mwisho uliangukia mbele ya geti la mama mkwe. Akatoka, akanipa kiti na maji ya kunywa, kisha akauliza tangu lini Mkuu anakoroga saruji mwenyewe. Nikamwambia Mkuu wa kweli hujishusha. Alifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Nilijisikia vibaya kwa muda mfupi. Kisha nikausawazisha mfuniko.

Ijumaa, 7 Machi

Nitaandika upesi, nguo bado zimelowa.

Wajumbe walifika, viti vikajaa. Fundi akafungua kishikwambi, akatembea moja kwa moja hadi getini kwa mama mkwe. Mfuniko ulikuwepo! Makofi! Meneja akanishika bega. Bi Nondo aliinama tu, akaugusa ukingo wa saruji kwa kidole.

Fundi akafunua. Udongo mwekundu na nyungunyungu mmoja.

Nikasema vali za aina hii hukaa chini zaidi. Bora ningejifanya nimezimia! Mjumbe mmoja akaamuru wachimbe. Walichimba. Sururu ilipiga kitu, pakasikika mlio, na maji yakaruka juu kuliko paa. Lilikuwa bomba kuu, ambalo kwenye ramani yangu linapita mtaa wa pili kwa sababu huko lilinyooka vizuri zaidi. Bodi nzima ililowa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, nayo ilikuwa imeshapasuka, ila kwa ajili ya bomba.

Bi Nondo aliwaongoza mafundi nyuma ya kibanda cha fundi viatu, wakafukua kifusi, wakafunga vali. Dakika nne. Aliporudi, meneja aliuliza kwa sauti ni nani aliyeweka mfuniko pasipo na vali.

Nilikuwa nimeshaandaa sura ya mshangao. Hapo mama mkwe akasimama, maji yanamchuruzika, uso umejaa fahari. Akasema: “Huyu hapa, Mkuu mwenyewe! Jana kutwa nzima alikuwa anakoroga saruji peke yake. Mimi ndiye niliyempa kiti.”

Majirani wakapiga makofi. Hao tu.

Jumanne, 11 Machi

Bi Nondo ndiye Mkuu. Adhabu yangu: nitembee mji mzima na kifaa cha GPS, nisimame juu ya kila vali, nibonyeze. Kazi isipokamilika, barua ya kuachishwa iko tayari. Mama mkwe hapokei simu, na hilo linaniuma kuliko yote.

Bi Nondo alinikabidhi kifaa kwa mikono miwili. Akasema nisiharakishe, vali hazina miguu. Hadi adhuhuri nilikuwa nimezipata tisa, na malengelenge mawili.

Hapo lori la taka likapita. Lori la taka huingia kila mtaa wa mji huu! Na husimama kila baada ya hatua chache! Dereva wake ni mtu muungwana. Nimemvisha kifaa shingoni, nikamwonyesha kitufe, nikamwomba abonyeze kila anaposimama. Aliuliza vali ni kitu gani. Nikamwambia hilo lisimsumbue.

Sasa niko kivulini, miguu kwenye beseni. Jioni nitampelekea Bi Nondo ramani iliyopatikana kwa kuzunguka mtaa kwa mtaa, na safari hii hakuna atakayeweza kusema kwamba imetengenezwa kitini.