Namba Kumi na Moja ya Kituo cha Kamba

Jumatatu, 7 Juni 1999
Siku ya historia Kibiti! Meneja Haidari katangaza kwamba Mkurugenzi wa Dar anatafuta Mkuu wa Mawasiliano wa kituo chetu cha kununua kamba wa baharini. Cheo kina ofisi yenye feni. Nani kama si mimi, Twalibu? Toka hapa hadi Mbwera, ni mimi tu ninayeingia kwenye mashine ya simu kwa kompyuta. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani. Unaandika namba ya menyu, simu kumi za ofisi zinakutii. Kitabu chake kina kurasa mia mbili. Nimesoma jalada, nikaelewa.

Muzdalifa wa mapokezi naye anakitaka cheo. Eti kwa kuwa simu zote za nje zinalia kwake! Nikamwambia kupokea si kutawala. Akaniambia niache makuu.

Jumanne, 8 Juni
Hila tamu. Nizihamishie kwangu simu za nje, Mkurugenzi akipiga anisikie mimi. Menyu ya tatu, imekataa. Ya tano, imekataa. Ya tisa ikauliza kama nina hakika. Lini Twalibu alikosa hakika? Nikakubali.

Taa zote zikazima, zikawaka upya. Mashine imesahau ofisi nzima! Kumbe menyu ya tisa inarudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Nikamwambia Meneja ni matengenezo makubwa, niliyapanga siku nyingi. Kanisifu.

Jumatano, 9 Juni
Kugawa namba upya, kumi na moja hadi ishirini. Lo, vita! Kila mtu anaitaka kumi na moja, ndiyo ya heshima. Meneja anaitaka, mhasibu anaitaka, Muzdalifa kanuna. Nikakata shauri kwa desturi: nikawapanga kwa umri, kama tunavyonawa mikono kwenye hitima. Nani abishe? Mzee Bwanaheri, mlinzi wa getini, kapata kumi na moja. Mimi mdogo wa wote, ishirini. Unyenyekevu wangu umewatoa watu machozi. Muzdalifa alikuwa anacheka, lakini machozi yalimtoka.

Alhamisi, 10 Juni
Balaa! Mashine ikitoka kiwandani, simu za nje hulia kumi na moja. Getini! Mkurugenzi kapiga asubuhi, Mzee Bwanaheri kapokea. Kamjulia hali yeye, mkewe, watoto, mpaka mama mkwe. Kisha kamweleza kwamba maji ni mafu, hayajai sana, boti ya Mbuchi imekwama matopeni, ya Mbwera itafika alasiri, barafu ipo ya kutosha. Mkurugenzi kamuuliza Meneja huyu mtaalamu mmempata wapi.

Nikakimbilia kompyuta. Meneja kanishika mkono. Kasema nisiguse kitu, simu hazijawahi kwenda vizuri hivi.

Jumamosi, 12 Juni
Barua imefika. Mkuu wa Mawasiliano ni Mzee Bwanaheri. Feni imeshawashwa. Nimeumia, nisijidanganye. Nilimpa hongera. Nami nimeambiwa nishike geti mpaka apatikane mlinzi mwingine. Muzdalifa kaniletea chai, kasema pole kaka, ndiyo dunia.

Nimemwonea huruma. Mwenye macho haambiwi tazama: nani kampandisha mzee cheo? Mkurugenzi? Thubutu! Ni mimi, kwa kidole kimoja.

Mchana Mzee kaniita, mwanangu, niongeze laini moja ya ghala la barafu. Kasema nifungue menyu ya nne, imeelezwa ukurasa wa kumi na mbili. Kasoma kitabu chote! Kumbe zamani alikuwa karani wa posta. Nikamwambia shikamoo, Mzee, mambo ya kitaalamu niachie mimi.

Menyu ya nne ni ya watoto. Ipo ya kumi, sijawahi kuifungua. Imeandikwa kwa herufi kubwa, na alama tatu za mshangao. Kitu cha heshima namna hiyo kimekaa miaka yote kikimsubiri mtu wa kukifungua. Nimeshabonyeza. Inaniuliza kama nina hakika.