Ombi la Kuhamia Kwako Mpaka Maji Yakomae

Kwa Mama Mkwe ninayekuheshimu,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu. Nakuandikia kwa sababu kwa simu ningeona haya nikashindwa. Najua mkwe mwenye akili timamu haombi kuhamia kwa mama mkwe wake. Mimi naomba. Nipe kile chumba cha uani, mimi na cherehani yangu, kwa miezi sita tu. Sababu ni hizi:

1. Mwanao, pamoja na kazi yake ya kutunza maabara ya shule, ameamua kufuga anemoni. Ni kiumbe cha baharini kinachofanana na ua, kisicho na macho, mifupa wala shukrani. Tangi lake la kioo limekaa sebuleni, palipokuwa na meza yangu ya kukatia vitambaa. Siku hizi nakatia kitandani.

2. Kiumbe chenyewe hakijafika. Huu ni mwezi wa tano tunatunza maji ya chumvi na mawe, maana nimeambiwa lazima maji yakomae kwanza, yaani yaote vijidudu vya kuyasafisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Huyu wetu hajaja na mwenyeji keshaugua.

3. Taa. Ya kwanza ilirudishwa dukani kwa kuwa hafifu, na kiumbe hiki eti kinaishi kwa mwanga, kingepauka. Ya pili ilikuwa kali mno, kingeungua. Hii ya tatu ni ya buluu, ina saa yake, na asubuhi huwaka polepole ili mawe yasishtuke. Mimi huamshwa kwa kuvutwa shuka.

4. Mapazia hayafunguliwi, kwa sababu jua linaotesha ukungu wa kijani kwenye kioo. Basi chini ya taa hiyo ya buluu nilishona shati jeupe la mkuu wa shule, bosi wa mwanao, kwa uzi wa buluu. Pale vyote vilionekana rangi moja. Alilivaa kwenye kikao cha wazazi. Mwanao aliniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini sikutoka nje kutazama.

5. Maji hupimwa joto asubuhi na jioni na kuandikwa daftarini. Wiki iliyopita nilishikwa na homa siku tatu. Kipimajoto kilikuwa kwenye tangi.

6. Hili nilitaka kuliacha. Nina wivu, Mama. Mwanamume mzima, fundi anayeheshimika mtaani, nayaonea wivu mawe. Mwanao akirudi kazini hulisalimu tangi kwanza, na akinigeukia ni kuniambia nisogee, nazuia mwanga. Nataka mke wangu anione. Hayo mengine yote ni mapambo.

Kwa hiyo nipokee. Sihitaji taa maalumu wala kupimwa chumvi, nakula chochote, na sipauki. Mikasi na sindano nimeshazifunga sandukuni.

Nisalimie Baba Mkwe, mashemeji wote kwa umri wao, na yule jirani yako anayedhani mimi ni mpole.

Mkweo mnyenyekevu,
Fundi cherehani

Nyongeza: Barua hii imekaa mfukoni siku mbili nikitafuta bahasha. Jana kiumbe kililetwa, na mwanao alikuwa anasimamia mtihani, akanikabidhi mimi. Nikitilie kikombe kimoja cha maji ya tangi kwenye ndoo kilimoletwa kila baada ya dakika tano ili kiyazoee, kisha nikihamishie tangini na taa niipunguze nusu. Nilikaa sakafuni kuanzia saa nne hadi saa tisa. Kilikuwa kimejikunja kama soksi mbichi, nami nikakiambia maneno ambayo siwezi kukuandikia wewe. Kilipofunguka nilikuwa peke yangu, na nilichukia kwamba mwanao hakuwepo. Aliporudi alikaa chini kando yangu, akataka nimsimulie tangu mwanzo, na muda wote nikisimulia alikuwa ananitazama mimi.

Chumba usikiandae. Ila kama umebakiwa na kipande cha wavu laini wa dirisha, nitumie haraka. Wanasema viumbe hivi hutembea, na hiki chetu kinaweza kumezwa na pampu inayozungusha maji tangini. Mfuniko wa pampu nitaushona mwenyewe, vipimo nimeshachukua.